Wakunga wa Rohu

Wahenga walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hii tumeizoea hata hatuisikii tena. Tunaitia mwishoni mwa nasaha kama mpishi atiavyo chumvi, bila ya kuionja kwanza. Hebu tuionje. Inamkataza mtu kutukana, na katazo hilo ni jema. Lakini nguzo inayolitegemeza katazo lenyewe ni haja. Wakunga wasitukanwe kwa kuwa uzazi ungalipo, yaani kwa kuwa kesho huenda ukawahitaji. Je, siku uzazi utakapokuwa haupo? Mwanamke aliyekwisha kuupita umri wa kuzaa, au mji uliojipatia njia nyengine ya kuzalisha wake zake, amepewa ruhusa? Methali imenyamaza. (Mvuvi anisomaye ataniambia kwamba mkunga kwake ni samaki wa miambani mwenye meno, na huyo hatukaniki uzazi uwepo usiwepo. Naam.) Mimi nimekuwa nikiamini kwa miaka mingi kwamba katika kunyamaza kule mna swali zito: wajibu wetu kwa aliyetufaa huisha pale haja yetu kwake inapokwisha?

Swali hili lilinijia upya kwa njia ya samaki, tena asiyekuwa wa bahari yetu. Rohu ni samaki wa maji baridi, wa ule ukoo mkubwa wa samaki wa mitoni uitwao karpu. Kwao ni katika mito ya Asia ya Kusini: Ganga, Brahmaputra, Sindhu na matawi yao. Ana magamba makubwa yenye wekundu, mdomo mnene uliotazama chini, na akikomaa huweza kuupita urefu wa mita moja. Chakula chake ni mimea na vijimea vidogo vya majini. Si samaki wa kutisha. Jina lake limetokana na neno la Kisanskriti rohita, lenye maana ya wekundu, na Wabengali wamelifupisha likawa rui. Daktari wa Kiskochi, Francis Hamilton, alimwingiza katika vitabu vya elimu ya viumbe mwaka 1822, alipoandika juu ya samaki wa Ganga, naye akalihifadhi jina la wenyeji. Katika orodha za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa jina hilo huandikwa kwa o mwishoni: roho.

Sikio la Mswahili haliwezi kupita hapo bila ya kusita. Najua kwamba roho yetu imetoka Uarabuni na roho yao imetoka kwenye rangi ya magamba, na kwamba mfasiri aliyejifundisha mwenyewe kama mimi ndiye wa kwanza kunaswa na mitego ya namna hii. Hata hivyo, nilipokuwa nikiifasiri hadithi moja ya Kibengali, kwa kupitia Kiingereza, nikamkuta samaki huyu katika harusi, nililiacha jina lake kama lilivyo. Huko Bengal, siku ya kumsinga bibi harusi kwa manjano, watu wa upande wa mume hupeleka zawadi kwa akina mke, na miongoni mwa zawadi hizo huwamo rohu mzima, aghalabu amevishwa kitambaa cha sari na kupambwa kama bibi harusi mwenyewe. Ni dua ya uzazi. Wamemchagua vyema, kwani jike la rohu hubeba mayai kwa malaki, na aliye mkubwa sana huweza kuzipita milioni mbili.

Lakini uzazi huo una sharti lake. Mtie rohu katika bwawa lililotulia, mlishe, mwache anenepe. Msimu ukifika tumbo litajaa mayai, kisha asizae. Mayai yatanyweka mwilini mwake kana kwamba hayakuwapo. Anachokingoja ni mto. Anangoja mvua za kusi, na hapa sisi wa visiwani tuna la kusema, kwani upepo ule ule uliowapeleka manahodha wetu hadi Kutch na Surat ndio unaompelekea rohu mvua zake. Maji yakipanda, yakaingia tope, yakapoa, yakaanza kwenda mbio na kutanda juu ya nyanda za kando, ndipo majike na madume hukusanyika wakazaa, na mayai yakachukuliwa na mkondo. Hayapiti siku moja yakaanguliwa. Yapo katika magharibi ya Bengal mabwawa ya namna ya pekee yanayopokea maji mengi ya mvua kutoka mabondeni, na humo rohu hukubali kuzaa; lakini hata hayo siri yake ni kwamba kwa siku chache hujifanya mito.

Kwa hiyo tangu zamani mwenye bwawa alikuwa mdeni wa mto. Kila mwaka watu walitega nyavu za nguo katika mkondo, wakakusanya vifaranga wadogo kama uzi, na wachukuzi wakawapeleka mabwawani katika vyungu vya udongo, kwa miguu na kwa garimoshi. Njia nzima mchukuzi huutikisa maji ya chungu kwa mkono ili yapate hewa. Akisinzia, mzigo wake umekufa. Tena hakujua hasa alichobeba, maana pamoja na wana wa rohu walichanganyika wana wa samaki walao wenzao, na mwenye bwawa aliweza kununua adui wa bwawa lake kwa fedha yake mwenyewe. Mvua zikichelewa hapakuwa na mbegu. Lililotokea mtoni mwezi wa Juni lilijulikana sahanini mwaka uliofuata.

Tarehe 10 Julai 1957, katika jimbo la Odisha, Hiralal Chaudhuri pamoja na mwenzake K. H. Alikunhi walifaulu kumzalisha rohu bila ya mto. Njia yao ni nyepesi kuielezea. Chini ya ubongo wa samaki mna tezi ndogo kama punje, ambayo ndiyo inayoupa mwili amri ya kuzaa. Huchukuliwa tezi za samaki waliokomaa, waliokwisha kuuawa, zikahifadhiwa, zikasagwa katika maji, na maji hayo yakachujwa na kupigwa kwa sindano katika mnofu wa samaki aliye hai. Jike hupigwa mara mbili, dume mara moja, kisha hutiwa pamoja katika tundu la nguo ndani ya bwawa. Baada ya saa chache huzaa. Wabrazili walikwisha kulifanya jambo kama hili kwa samaki wao katika miaka ya 1930, lakini kwa samaki hawa wa Bara Hindi ilikuwa ndiyo mara ya kwanza, na India mpaka leo huifanya tarehe hiyo kuwa siku ya wafugaji samaki. Siku hizi dawa za viwandani zimechukua nafasi ya tezi katika mahali pengi.

Tusiwe kama wale washairi wanaoulilia mto wakasahau njaa. Bengal ilikuwa imepita katika njaa ya mwaka 1943, iliyoua watu kwa mamilioni, na Chaudhuri alikuwa mtu wa huko. Sindano yake imewalisha watu ambao hatutawajua majina. Rohu anayefugwa hivi sasa duniani hupita tani milioni mbili kwa mwaka, na mtu wa kipato kidogo katika Dhaka au Kolkata anayenunua kipande chake anakula kazi ya siku ile ya Julai. Mimi sina ulimi wa kuitukana sindano. Kama mto ni mkunga, na yeye Chaudhuri ni mkunga.

Ninachokiuliza ni kilichotokea kwa mkunga wa kwanza baada ya wa pili kuja. Haja ni kamba. Inamuumiza aliyefungwa, lakini inavifunga vyombo viwili pamoja, na kimoja kikitota cha pili hakiwezi kulala usingizi. Mwenye bwawa alipokuwa akingoja vifaranga kutoka mtoni, ugonjwa wa mto ulikuwa ugonjwa wake. Ilipokatwa kamba ile, mto ungeweza kufa na bwawa lisijue. Mwaka 1975 India ilianza kukitumia kizuizi cha Farakka, kilichojengwa juu ya Ganga ili kusukuma maji kwenda Hooghly, bandari ya Kolkata isijae mchanga. Sisemi kwamba sindano ndiyo iliyokijenga. Lakini hebu tufikiri: lau mabwawa yote ya Bengal yangalikuwa mwaka ule yakingoja mbegu kutoka mtoni, kelele za wenyewe zingalikuwaje? Mto ulipunguziwa maji, ukafungiwa njia, ukatiwa taka za miji, na uvuvi wa rohu na ndugu zake katika Ganga ukashuka sana. Na masoko yakawa yamejaa rohu. Hapana aliyeona pengo, kwa kuwa sahani haikuwa na pengo.

Atatokea mwenye kunijibu kwamba haja nayo huua, na atakuwa amesema kweli. Mfano wake uko karibu na sisi. Ningu wa Ziwa Viktoria ni ndugu wa damu wa rohu. Wataalamu wamewapa jina moja la ukoo, Labeo. Naye hungoja mvua, hupanda mito kama Nzoia na Kagera kwenda kuzaa. Watu waliomhitaji, waliompenda kuliko samaki wengine, walitandaza nyavu midomoni mwa mito na kuyanasa majike yakiwa na mayai tumboni, na kufikia katikati ya karne ya 20 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Ningu hakusahauliwa. Alimalizwa na wanaomkumbuka. Kwa upande huu sindano huenda ilimfaa rohu wa mtoni, kwani iliwapunguza watu wa kuja kumtegea wanawe.

Basi haja hulinda na haja huua, na hukumu ya wajibu haiwezi kusimama juu ya kitu chenye sura mbili namna hiyo.

Mtaani nilikokulia alikuwapo bibi mmoja aliyewapokea watoto wa karibu kila nyumba, nami nikiwa mmoja wao. Baadaye ikazoeleka kwenda kujifungulia hospitali, na ni kheri kubwa kwamba ilizoeleka, maana wanawake waliokuwa wakifa walipona. Bibi yule akabaki na mkoba wake. Hakuna aliyemtukana, methali ilitiiwa barabara. Ila sikukuu zilikuja zikapita pasina sahani ya pilau kupelekwa mlangoni kwake, na watoto wa wale aliowakata vitovu wakawa wanampita barazani bila ya shikamoo, kwa sababu hawakuambiwa ni nani. Tusi lina heshima yake, kwani anayetukanwa angalau ameonekana. Lile alilofanyiwa bibi yule halina jina katika methali zetu, na mimi nimelitafuta.

Kwa rohu hadithi ilizunguka ikarudi ilikotoka. Samaki wa vituo vya kuzalishia walizaliana wenyewe kwa wenyewe, kizazi baada ya kizazi, mama na wana katika tangi moja, na mara nyengine wakachanganywa na samaki wa aina nyengine kwa uzembe tu, hata damu ikadhoofika. Mwaka 1992 wataalamu wa India wakishirikiana na Wanorwe walianza huko Bhubaneswar kazi ya kumjenga upya rohu kwa kuchagua wazazi walio bora. Wazazi hao walitolewa wapi? Katika mito mitano: Ganga, Gomti, Yamuna, Sutlej na Brahmaputra. Samaki aliyepatikana alitolewa kwa wafugaji mwaka 1997, akaitwa Jayanti kwa ajili ya kuadhimisha miaka 50 ya uhuru, naye hukua upesi kuliko wenzake. Bangladesh nayo, mwaka 2012 na baada yake, ilipotaka rohu aliye bora ilirudi mitoni, Halda, Padma na Jamuna. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Hapa mwandishi mwenye haraka angeweka kalamu chini akafurahi: mnaona, uzazi ungalipo, basi mto msiutukane. Mimi jibu hilo haliniridhishi. Linauokoa mto kwa kuugeuza ghala ya mbegu. Siku wataalamu watakapoweka mbegu zote za mito mitano katika chupa za barafu, ghala itakuwa imehama, na mto utarudi pale pale alipokuwa bibi yule na mkoba wake.

Wahindi wenyewe wana hadithi ya kale ya samaki na mtu aitwaye Manu. Samaki mdogo alimjia mkononi akamwomba amlinde na samaki wakubwa. Manu akamtia mtungini; akakua, akamhamishia bwawani; akakua zaidi, akampeleka Ganga, kisha baharini. Gharika ilipokuja, samaki yule aliivuta jahazi ya Manu mpaka mlimani. Msomaji wa pwani atakuwa amekwisha kumkumbuka Nabii Nuhu. Ninayoyaona mimi katika hadithi hii ni mambo mawili. Njia yake inakwenda kinyume na njia yetu: kutoka mtungini kwenda bwawani, kutoka bwawani kwenda mtoni, kila chombo kikiwa kidogo kwa kiumbe kilichomo. Na la pili, katika masimulizi yaliyo ya kale zaidi samaki hakuomba bure. Alimwahidi Manu kwamba naye atamwokoa. Wema wao ulikuwa wa kubadilishana. Hata hadithi tukufu imeshindwa kuiachilia haja.

Aliyeikaribia kuiachilia ni mfalme. Ashoka, miaka 26 baada ya kutawazwa, katika karne ya tatu kabla ya Masihi, aliandikisha juu ya nguzo za mawe amri inayowataja viumbe wasiouawa: kasuku, bata, popo, kobe, samaki fulani. Alikataza kuuawa kwa mbuzi, kondoo na nguruwe walio na mimba au wanaonyonyesha, na akaweka siku maalumu katika mwaka ambazo samaki asiuawe wala asiuzwe. Katika orodha ile limo fungu moja lililonifanya nilisome mara mbili: wanyama wote wa miguu minne ambao hawatumiwi na wala hawaliwi. Yaani wale ambao mtu hana haja nao hata kidogo. Mwenye kuwahitaji wanyama huweka sheria kwa wale anaowala na kuwapanda. Huyu aliwakumbuka waliobaki nje ya hesabu. Sitaki kumfanya malaika, kwani jikoni kwake kwenyewe, kwa maneno yake katika amri nyengine, wanyama waliendelea kuchinjwa, japo wachache. Lakini fungu lile limo katika jiwe.

Rai yangu ni hii. Haja hutazama mbele, na kwa hiyo huweza kwisha. Fadhila hutazama nyuma, na lililokwisha kutendwa halitenduki kwa sababu ya kupatikana njia nyengine. Tunasema tenda wema wende zako, na mara nyingi tunadhani maneno hayo yanamfungua aliyetendewa. Hayamfungui. Yanamwambia mtenda asingoje shukrani, na kweli mto haungoji. Hutenda ukaenda zake, ndiyo tabia ya mito. Aliyebaki ukingoni ndiye mwenye deni, na deni lenyewe limo mwilini mwa samaki. Sindano haikumfundisha rohu kuzaa. Ilipeleka kwa mlango mwengine ujumbe ambao mvua na mkondo vilikuwa vikiupeleka tangu enzi, na mwili ukauitikia kwa kuwa mto ulikwisha kuufunza kuitikia. Kila yai linalotagwa katika tundu la nguo ni itikio la wito wa mto, hata pale ambapo mto haupo. Bwawa halijalipa, na kwa kutohitaji halilipi.

Ukiniuliza deni hili hulipwa kwa nini, sitasema kwa mashairi, ingawa ndiyo biashara yangu. Hulipwa kwa maji: kuachiwa mto maji yake katika miezi ya kuzaa, kutochimbwa mchanga kwenye vina wanakokaa wazazi, kuzimwa kwa injini za boti usiku wa tukio lenyewe.

Usiku huo ungalipo katika mahali pamoja. Halda ni mto mdogo wa kusini-mashariki ya Bangladesh, unaoshuka kutoka vilimani hadi kuingia Karnaphuli karibu na Chittagong, na maji yake hupanda na kushuka kwa bamvua na maji mafu kama mikono yetu ya bahari. Humo rohu na ndugu zake huja kuzaa kati ya Aprili na Juni, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, kukiwa na radi na mafuriko ya kutoka milimani, na watu wa kandoni hukusanya mayai yenyewe, si vifaranga. Mavuno hayana uhakika: mwaka 2020 yalipita kilo 25,000, na mwaka 2021 hayakufika 10,000. Viwanda, milango ya kuzuia maji na wachimba mchanga wameusumbua sana mto huo, na wakusanyaji ndio ambao mara nyingi wamepiga kelele. Wanakaa ndani ya mashua zao mvuani, wawili wawili, nyavu za nguo zikiwa tayari, na ukingoni wamechimba mashimo ya udongo ya kuangulia. Mara nyengine samaki hutaga mayai machache tu, kisha wakaacha kwa masaa au kwa siku. Mayai hayo huitwa nomuna, kwa neno la Kiajemi ambalo kwetu limekuwa namna. Wazee wa huko husema mama anaujaribu mto kwanza. Wakusanyaji huyachota, huyatazama kwa taa, kisha hukaa tena wakingoja aamue.